Shibiri Kumi na Nane na Kidole Kimoja

"...na viti vinalala, Mama! Vinalala kabisa! Unabonyeza kitufe, miguu inapanda, mgongo unashuka, unabaki umejinyoosha kama chatu aliyemeza mbuzi!"

Chiriku alianza kusema akiwa ngazi ya tatu, na ngazi za kushukia kwao zilikuwa kumi na tisa, kwa hiyo habari ilifika chini kabla ya miguu yake. Mama hakuinua kichwa. Alikuwa na pindo la pazia la hospitali mikononi, kitambaa cha kijani kisicho na furaha yoyote, na cherehani ilikuwa imeshashika mwendo.

"Nani analala?"

"Viti!"

"Viti vikilala, watu watakaa wapi?"

"Mama, jamani, nisikilize! Daktari anajenga sinema. Humu humu, ndani ya nyumba hii, besimenti! Projekta kwenye dari, kitambaa cheupe ukuta mzima, spika saba. Saba, Mama! Na kuta zote zinavishwa mahameli, juu mpaka chini. Sasa niulize nani atashona hiyo mahameli."

"Nani?"

"Wewe! Nimemkuta Mpambaji getini anashusha vipande vya rangi. Nikamwambia, dada, unahangaika na mafundi wa mbali, na fundi wa mapazia yuko chini ya miguu yako?"

Hapo cherehani ikasimama. Mama alikuwa ameshona mapazia miaka ishirini na sita, ya shule, ya hospitali, ya ofisi za watu wenye haraka, lakini mahameli hajawahi. Alifuta vidole kwenye gauni, kama vile kitambaa kimeshafika na yeye ana mafuta mkononi.

"Rangi gani?" akauliza polepole.

"Kama zabibu zilizoiva mpaka zikajisahau."

Wote wawili wakaitazama rangi hiyo hewani.

Kwao kulikuwa na vyumba viwili na ukumbi mwembamba, chini ya nyumba ya Daktari wa Meno. Baba alikuwa mtunza nyumba: pampu, geti, balbu, mifereji, vyote vyake, na vyumba vile vilikuwa sehemu ya mshahara. Dirisha lilikuwa juu kabisa, usawa wa barabara, kwa hiyo majirani waliwajua kwa viatu. Mama aliweza kusema "leo Viatu vya Kahawia amegombana na mkewe" na asikosee. Mwanga wa alasiri ulipoingia kwenye kidirisha kile ulikuja umenyooka kama ubao, na nyuzi ndogo za vitambaa zilielea ndani yake taratibu, zikipanda, zikishuka, hazina haraka ya kufika popote. Juu ya cherehani palikuwa na tundu la hewa, upana wa sahani, lililopanda ndani ya ukuta kwenda wasikokujua. Na ng'ambo ya ukumbi kulikuwa na stoo iliyojaa makochi mabovu. Stoo hiyo ndiyo itakayokuwa sinema. Hayo Chiriku aliyaamua mwenyewe, hakuna aliyemwambia.

Jina la Chiriku alipewa na Baba alipokuwa na miaka miwili, siku aliyoongea kuanzia alfajiri mpaka akalala katikati ya neno. Chuo alishamaliza, cheti kiko kwenye bahasha, bahasha iko chini ya godoro. Kwa sasa alikata tiketi kwenye jumba la sinema mjini, kazi aliyoianza akiwa bado mwanafunzi. Filamu ikianza alichungulia nusu saa pale mlangoni, kisha foleni ya pili ikamrudisha dirishani. Saa kumi alikuwa nyumbani, na kila siku alimsimulia Mama alichokiona. Asichokiona alikitengeneza. Mama alikanyaga cherehani akiuliza maswali, na wiki hiyo walikuwa kwenye filamu ya Mwanamke Mwenye Ufunguo, aliyerithi ufunguo bila nyumba, akapanda treni mpaka mji asioujua ili aujaribu mlango mmoja mmoja.

"Ila leo hakuna hadithi," alisema Mama. "Koo lako bado linakwaruza tangu juzi. Panda juu ukachukue vipimo."

*

Kwenye mlango wa jikoni alivua viatu. Mpambaji, dada mwenye miwani iliyokaa kichwani kama taji, akamtandikia gazeti.

"Simama hapo, mpenzi. Vumbi la chini lile, unajua."

Chiriku akasimama juu ya gazeti kama sufuria ya moto. Akainama kidogo akasoma kati ya vidole vyake vya miguu: nafasi za kazi. Mhasibu msaidizi, uzoefu miaka mitano. Akafunika tangazo kwa kisigino.

Daktari alikuwa mezani anakula papai kwa kijiko kidogo, na kando yake mama yake mzazi, Bibi, amejifunga shuka miguuni na fimbo imeegemea kiti. Miaka sita Bibi hajashuka ngazi yoyote. Chumba chake kilikuwa pale pale nyuma ya jiko.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Koo limepona?"

"Linapona, Bibi."

"Linywee asali," alisema Bibi, na kwa sauti ya mtu anayedai chake akaongeza, "mapema."

"Sasa, binti," Daktari akafuta mdomo, "hii sinema ni zawadi ya mama yangu. Kila asubuhi ananisimulia sinema nzima nzima. Hatoki, runinga haitaki, sijui anaziota! Nikasema, kama kiu imefika hapo, mimi mtoto wake nafanya nini?"

"Kula papai lako," alisema Bibi.

"Baba yako ameshawaeleza kila kitu, nadhani?"

Chiriku hakuelezwa lolote. Lakini amesimama kwenye gazeti, miguu mitupu, mbele ya mwenye nyumba; aonekane tena ni wa mwisho kujua? "Ndiyo, ndiyo, ametueleza!" akasema, na akaongeza kicheko.

"Safi. Na hamjakasirika. Nilijua ninyi ni watu wa maana. Na Mama atatufanyia bei ya nyumbani, au siyo? Sisi ni familia."

Familia yenyewe ikapunguziwa bei mpaka nusu, na Chiriku akaitikia hiyo nusu kwa tabasamu, maana macho yake yalikuwa kwenye kipande cha mahameli mkononi mwa Mpambaji. Alikipitisha kidole. Upande mmoja kilinyamaza, upande wa pili kikanong'ona. Alishuka ngazi kumi na tisa bila kuzihesabu, na karatasi ya vipimo ambavyo Mpambaji alivinakili kwenye ramani ya nyumba, na alipofika chini ndipo alipojiuliza: nani amemwambia Bibi habari za koo langu?

*

Mama hakuwahi kuamini tepu. Tepu inalegea, alisema, inachakaa, inadanganya. Mkono haujawahi kunidanganya. Vipimo vyote vya mita alivigeuza kwanza kuwa shibiri zake, akivitembeza mezani kwa kidole gumba na cha mwisho, ndipo akavielewa.

"Soma."

"Ukuta wa kwanza, mita tatu na sentimita sitini na mbili."

Mkono ukatembea mezani, ukarudi, ukatembea tena. "Shibiri kumi na nane. Na kidole kimoja." Mama akatikisa kichwa. "Namjua huyu. Endelea."

"Unamjua nani?"

"Huu ukuta. Endelea."

"Katikati kuna kishubaka, upana sentimita themanini, kina arobaini."

"Shibiri nne kwa mbili."

Mama hakuandika. Aliinuka, akaenda kwenye ukuta ulioelekea dirisha, akaanza kutembeza mkono kutoka kona. Moja, mbili, tatu. Alipita juu ya alama za penseli walizompimia Chiriku urefu akiwa mdogo. Alifika kwenye kishubaka ilimokaa cherehani, akapima upana wake: nne. Akaendelea mpaka kona ya pili. Kumi na nane. Akaweka kidole kimoja, na kidole kikaenea sawasawa, kama kimechongewa.

"Stoo ni kubwa zaidi," alisema Mama, amegeukia ukuta. "Stoo haina kishubaka."

Chiriku akaisoma karatasi upya: upana themanini, kina arobaini. Nyuzi ziliendelea kuelea kwenye ubao wa mwanga.

Baba alipoingia, mikono ina mafuta ya pampu, alikuta mkewe amekaa kitandani na karatasi mapajani. Aliweka sanduku la vifaa chini, akalifungua, akatoa chini ya spana kubwa barua iliyokunjwa mara nne.

"Lini?" aliuliza Mama.

"Wiki tatu sasa."

"Wiki tatu unalala na mimi kitanda kimoja, na barua inalala na spana."

"Nilikuwa natafuta maneno, Mama Chiriku."

"Maneno nimeyapata kwa Mpambaji. Kwa sentimita."

"Inasema mwisho wa mwezi. Mshahara utabaki ule ule, ila pa kulala tutafute wenyewe." Akakaa chini, mgongo kwenye sanduku. "Kwa mshahara ule tutapata chumba kimoja. Mbali. Cherehani haitaingia. Nilikwenda kupima mlango."

"Ulikwenda kupima," alisema Mama, na sauti ikalainika kidogo. "Kwa tepu?"

"Kwa tepu."

"Basi hata hujapima."

Chiriku akaangua kilio na kicheko kwa pamoja. "Na mimi nimesema ndiyo! Ameniuliza kama mmeelezwa, nikasema ndiyo ndiyo! Na nusu bei nimekubali! Mama, nimetuuza kwa nusu bei!"

"Nyamaza, mwanangu. Mtu huuza chake." Mama akaikunja karatasi ya vipimo. "Kazi ya mtu sikatai. Nitaishona hiyo mahameli, na wakati wa kushona nitaishika vizuri. Lakini siikati mpaka nione ukuta umevishwa sponji. Unene unabadilisha kipimo."

*

Mafundi wa sponji ya kuzuia sauti walikuja Jumatatu, wawili, watu wazima wenye adabu. "Shangazi, sogea kidogo. Shangazi, samahani, tunaomba na upande huu." Shangazi alisogea. Aliendelea kushona mapazia ya hospitali katikati ya chumba, na kuta zikamzunguka zikigeuka kijivu, nene, zenye vidutu kama ulimi wa ng'ombe. Kitu cha kwanza kabisa walichoziba ni lile tundu la hewa. "Sauti inapenda mashimo," alieleza mmoja. Saa nane walikuwa wamemaliza, isipokuwa mlango, wakaondoka.

Chiriku aliporudi kutoka kazini alisimama mlangoni. "Mama?" Neno halikwenda popote. Lilitoka mdomoni likaanguka pale pale, kama nguo kutoka kwenye kamba.

Chumba kilikuwa kimekuwa ndoto ya mtu mwingine. Cherehani ilisikika kama inashona nyumba ya tatu. Viatu vilipita dirishani bila kishindo, vyekundu, vyeusi, vya mtoto anayeruka, vyote vinaogelea. Hata pumzi ya mtu ilimkalia karibu mno sikioni.

"Haya, nisimulie," alisema Mama. "Alifika mlango wa ngapi, yule mwenye ufunguo?"

"Wa nane." Chiriku akajilaza kitandani, akatazama dari. "Mlango wa nane ulikuwa wa bluu, umechubuka chini, mahali ambapo mbwa hukwaruza akitaka kuingia..."

"Mbwa yupo?"

"Hayupo. Alama tu zipo."

"Maskini. Amekula lakini, huyo mwanamke?"

"Amekula mkate akiwa anatembea. Basi akautia ufunguo, Mama, na ufunguo ukaingia..."

Hapo balbu ikatikisika. Vumbi jembamba likashuka kutoka darini, likaning'inia kwenye mwanga. Ikatikisika tena. Hawakusikia kitu, lakini mtu alikuwa anagonga sakafu ya juu, anagonga kwa hasira, anagonga kwa fimbo. Kisha balbu ikatulia. Chiriku akaenda kuchungulia ngazi.

"Mama! Mama, njoo! Bibi anashuka!"

Na alikuwa anashuka kweli, Bibi wa miaka sita bila ngazi. Anashuka kwa makalio, ngazi moja moja, kama mtoto, shuka imemfuata nyuma na fimbo imetangulia mbele. Baba alitupa bomba la maji akakimbia kumshika. Bibi akamsukuma kwa fimbo.

"Niache, nimebakiza saba. Nani ameziba?"

"Ameziba nini, Bibi?"

"Tundu! Kitanda changu kiko juu ya tundu. Saa kumi imefika, cherehani sisikii, huyu mtoto sisikii. Nikadhani mmekufa. Nikasema, wamekufa, na sijui kama ule mlango wa nane ulifunguka!"

*

Daktari alirudi kutoka kliniki saa kumi na moja, akamkosa mama yake chumbani, jikoni, uani. Alimkuta besimenti, amekaa juu ya kitanda cha mtunza nyumba, mto mgongoni, kikombe cha chai mkononi.

"Mama! Umeshukaje?"

"Kwa makalio. Kaa."

Kiti hakikuwepo. Daktari, na suruali yake nyeupe, akakaa juu ya marobota ya sponji yaliyobaki.

"Mama, twende juu. Hapa pakikamilika nitakuwekea kiti cha kukushusha, utaona sinema yoyote duniani..."

"Nilikuomba sinema?"

"Kila asubuhi unanisimulia!"

"Nakusimulia ya huyu." Fimbo ikamwelekea Chiriku. "Mwaka wa pili huu. Nalala pale, inapanda yenyewe kutoka tunduni. Huyu anasimulia, mama yake anauliza. Anauliza kila ninachotaka kuuliza mimi. Amevaa nini, amekula nini, mbwa yuko wapi. Asubuhi nakupa wewe, kwa kuwa huna wakati wa kusikia jambo lolote ila meno ya watu. Na wewe badala ya kusikia, umejenga."

Daktari akatazama tundu lililozibwa, akatazama alama za penseli zilizochungulia penye mwanya wa sponji, kisha akatazama viatu vyake. "Nilitaka ufurahi," alisema, na kwa dakika moja alikuwa mtoto wa mtu tu.

"Najua."

"Basi binti awe anapanda juu. Akusimulie chumbani kwako. Nitamlipa!"

"Akipanda atavua viatu, atasimama kwenye gazeti, atanisimulia kwa heshima. Sinema ya heshima siitaki."

Masikio ya Daktari yakawa mekundu. "Mama, mafundi nimeshawalipa nusu."

"Na mimi nimeshasikia nusu."

Baba akakohoa kuficha kitu. Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba, kana kwamba mazungumzo hayo ni ya nyumba nyingine.

"Sawa," alisema Daktari mwishowe. "Viti viko njiani, siwezi kuvirudisha barabarani leo. Lakini sawa. Iishe kwanza hii hadithi ya ufunguo. Mafundi nitawaambia wasubiri. Ikiisha, kazi inaendelea. Mama, hapo tumeelewana?"

"Ikiisha," alisema Bibi. Akamgeukia Chiriku. "Ni ndefu?"

Chiriku akahesabu haraka kichwani. Filamu yenyewe iliondolewa jumbani Alhamisi iliyopita. Alikuwa ameiona nusu saa ya mwanzo tu. Mwisho wake haujui hata yeye. "Ni... ni ndefu, Bibi."

"Ndefu kiasi gani?" aliuliza Daktari.

Aliyejibu ni Mama, bila kuinua macho kwenye sindano. "Mji ule una milango mingi, Daktari."

*

Baba alilizibua tundu kwa mikono, akachomoa sponji kipande kwa kipande mpaka upepo ukashuka na harufu ya jiko la juu. Barua aliirudisha sandukuni. Hakuichana, akaibadilisha mahali tu, akaiweka chini kabisa, chini ya vitu visivyotumika kila siku.

Kesho yake saa kumi kamili Mama alikanyaga cherehani. Robota la mahameli lilikuwa limefika, limeegemea kona, rangi yake inakunywa mwanga wote wa dirisha. Mama alikuwa ameipapasa mara moja, kwenda na kurudi, akaiacha. Mlango haujavishwa, unene bado haujajulikana, alimwambia Mpambaji, nitakataje?

Chiriku hakujilaza. Alisimama chini ya tundu, amevaa viatu vyake. Jana alikuwa anaongea kwa sababu hawezi kunyamaza. Leo kila neno lilikuwa tofali.

"Mlango wa nane ulifunguka," alianza, "lakini ndani hapakuwa na nyumba. Palikuwa na ngazi zinazoshuka..."

"Ngapi?" aliuliza Mama.

"Kumi na tisa."

Juu, sauti ndogo ya mtu anayejisogeza kitandani ili asikie vizuri.

"Akashuka. Kila ngazi ilikuwa na joto, kama mtu ametoka kukaa hapo sasa hivi. Chini akakuta ukumbi, na kwenye ukumbi milango mingine, mirefu, mifupi, mmoja una mwanga unaochungulia kwa chini na kivuli cha miguu miwili kimesimama nyuma yake, kinangoja. Mwanamke akainua ufunguo. Mkono wake ukafika kwenye kitasa. Na kabla hajakigusa, kitasa kikaanza kuzunguka chenyewe..."

Mama akaondoa mguu kwenye cherehani. Gurudumu likazunguka kidogo, likatulia. Alimtazama binti yake, akaitikia kwa kichwa mara moja tu, kama fundi anayesema pindo linatosha.

Viatu vya Kahawia vikasimama dirishani, labda kwa bahati, labda navyo vinasikiliza.

Fimbo ikagonga juu. "Halafu? Nani yuko nyuma ya mlango? Wewe mtoto, halafu?"

Chiriku akaweka viganja viwili mdomoni, akainua uso kuelekea tunduni, na macho yake yakacheka kabla ya sauti.

"Koo, Bibi, si unalijua! Ukilala, lala salama, uamke salama. Nani aliyeshika kitasa, nitakwambia kesho."